Picha Isiyo na Jina: Maoni Kuhusu Ukusanyaji wa Chapa za Seydou Keïta

Mwaka 1991 palifanyika mjini New York maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika ya karne ya ishirini yaliyopewa jina "Africa Explores". Miongoni mwa kazi zilizotundikwa ukutani mlikuwamo picha chache zisizo za rangi, nyeusi na nyeupe tu, za watu waliopigwa studioni mjini Bamako, nchini Mali, miongo kadhaa nyuma. Waliozitazama walivutiwa mno, lakini walipoinama kusoma kibandiko walikuta kwamba mpigapicha hajulikani. Mpigapicha huyo alikuwa hai. Alikuwa papo hapo Bamako, amestaafu kazi ya serikali tangu 1977, na negativu zake kwa maelfu zilikuwa masandukuni nyumbani kwake. Mkusanyaji mmoja tajiri, Jean Pigozzi, alitaka kujua zaidi, na André Magnin, aliyekuwa akimkusanyia sanaa za Kiafrika, akafunga safari ya Bamako kumtafuta. Hakupata taabu kubwa. Jina lilipatikana: Seydou Keïta. Mwaka 1994 taasisi ya Fondation Cartier jijini Paris ilimwandalia maonyesho yake peke yake, na tangu hapo hakuna mwanafunzi wa sanaa ya upigaji picha asiyemjua.

Aibu ile ya "hajulikani" ilifutwa, basi, kwa muda wa miaka mitatu tu. Kuna aibu ya pili ambayo haijafutwa hadi leo, na sioni dalili kwamba wahusika wanaihesabu kuwa aibu. Fungua orodha yoyote ya mnada au ya jumba la makumbusho iliyo na picha za Keïta. Yule mwanamke aliyejilaza ubavu juu ya kitanda, kanzu yake ya maua imechanganyika na shuka la miraba hata jicho haliwezi kutenga nguo na malazi, anaitwa "Bila Jina". Yule kijana wa suti nyeupe na miwani, aliyeshika ua moja mbele ya kifua kana kwamba anamkabidhi mtu tusiyemwona, naye ni "Bila Jina". Kinachofuata ni makisio ya mwaka, vipimo vya karatasi kwa sentimita, na bei.

Makala haya yanakusudia kutetea hoja moja. Mkusanyaji anayeinunua chapa ya zamani bila kulitafuta jina la aliyemo ndani yake amenunua nusu ya kitu, na nusu aliyoiacha nyuma hufa mapema kuliko karatasi. Huenda msomaji akashangaa ni kwa nini mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ameacha tenzi na riwaya akaingilia mambo ya picha za Bamako. Namwomba anistahimilie kidogo, kwani naamini jambo hili linatuhusu zaidi ya linavyowahusu wanaopiga picha.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Keïta alizaliwa Bamako mnamo 1921 au karibu na mwaka huo. Alifunzwa useremala tangu utotoni. Mwaka 1935 amu yake, Tiémoko, alirudi kutoka Senegali akamletea kamera ndogo aina ya Kodak Brownie, na hapo ndipo alipoanza. Hakusomea upigaji picha katika chuo chochote. Aliujua kwa kujaribu na kukosea, na kwa msaada wa Mountaga Dembélé, aliyekuwa amemtangulia katika kazi hiyo. Mwaka 1948 alifungua studio yake mtaani Bamako-Coura, si mbali na kituo cha gari la moshi la reli ya Dakar hadi Niger. Wasafiri walishuka, wakapiga picha, wakaendelea na safari. Wakazi wa mji nao walifika wakiwa wamejipamba. Studio ilikuwa na suti, saa, kalamu, redio na pikipiki aina ya Vespa kwa mteja aliyetaka kuonekana navyo. Pazia la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitandani mwake mwenyewe, lenye matamvua. Kila baada ya miaka michache alibadilisha pazia, na miaka mingi baadaye mapazia hayo ndiyo yaliyomwezesha kukadiria mwaka wa kila picha. Mwaka 1962 serikali ya Mali huru ilimchukua awe mpigapicha wake rasmi, na punde studio ikafungwa. Alifariki Paris mnamo Novemba 2001.

Sasa tuje kwenye chapa yenyewe, maana hapa ndipo wengi wetu hupotea. Mtu asiyeshughulika na sanaa hii hudhani kwamba picha ni picha, na kwamba ikisafishwa leo au ilisafishwa miaka sabini iliyopita hakuna tofauti. Wakusanyaji hawakubaliani naye hata kidogo. Wao huita chapa asilia ile iliyosafishwa na mpigapicha mwenyewe, au chini ya usimamizi wake, karibu na wakati aliopiga picha hiyo. Negativu ni moja; chapa zinaweza kuwa mia. Mmarekani Ansel Adams alipiga mwaka 1941 picha ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, katika jimbo la New Mexico, kisha akaisafisha tena na tena maishani mwake, zaidi ya mara elfu moja. Katika chapa za mwanzo mbingu ina mawingu mepesi yanayoonekana. Katika zile za uzeeni mwake mbingu ni giza totoro. Adams, aliyekuwa pia mpiga piano, alizoea kusema kwamba negativu ni kama noti za muziki zilizoandikwa, na chapa ni utumbuizaji wake.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hahitaji kufafanuliwa zaidi. Ngano ni moja, fanani ni wengi, na hata fanani mmoja haisimulii ngano ile ile kwa namna moja usiku wa leo na usiku wa kesho. Hadhira hubadilika, sauti hubadilika, umri humwongezea fanani mambo na kumpunguzia mengine. Atakaye kujua hadithi ilivyotambwa mara ya kwanza hawezi kuridhika na utendaji wa miaka hamsini baadaye. Chapa asilia ni utendaji wa kwanza uliobahatika kuachiwa alama katika karatasi.

Kwa Keïta tofauti hiyo ni kubwa kuliko kwa Adams. Kamera yake ya studio ilitumia negativu za sentimita 13 kwa 18. Aliilaza negativu moja kwa moja juu ya karatasi, akaimulika, akasafisha, picha haikukuzwa. Chapa aliyomkabidhi mteja, kwa hiyo, ilikuwa ndogo kuliko ukurasa wa daftari la shule, na ilikuwa na mhuri wake. Filamu ilikuwa ghali, na aghalabu alipiga mara moja tu kwa kila mteja. Baadhi ya chapa zilitiwa rangi kwa mkono: kucha, midomo, mikufu. Mteja aliibeba nyumbani, akaitia katika fremu au kuituma kwa ndugu aliye mbali. Iliguswa, ilikunjwa pembe, ililiwa na wadudu.

Chapa tunazoziona leo katika majumba ya Ulaya na Marekani, kwa sehemu kubwa, si hizo. Ni chapa zilizosafishwa miaka ya tisini na baadaye, katika maabara za kisasa, kutokana na negativu zile zile. Nyingine zimezidi mita moja kwa urefu. Weusi wake ni mzito na weupe wake unang'aa, ilhali chapa za studio zilikuwa laini na za kijivu zaidi. Wapo wahakiki wanaozilaumu vikali chapa hizi kubwa na kuzihesabu kuwa Keïta aliyebuniwa upya ili akidhi macho ya wanunuzi. Mimi siwezi kwenda nao hadi huko. Keïta mwenyewe alipoziona picha zake zimekuzwa, safi, bila doa, alifurahi sana na kueleza kwamba hapo ndipo alipoyakinisha ubora wa kazi yake. Nani sisi tumwambie mzee wa miaka sabini na ushei kwamba furaha yake haikuwa halali? Chapa kubwa ni toleo jipya lililotolewa kwa ridhaa ya mwandishi. Ila toleo jipya haliwi mswada kwa sababu tu mwandishi amelibariki, na baada ya kifo chake palizuka mvutano mrefu kuhusu nani mwenye haki ya kuzimiliki negativu na kuendelea kuzisafisha. Mvutano huo ni somo la peke yake, na siutolei hukumu hapa.

Ninachotaka kukisisitiza ni hiki: chapa ndogo ilikuwa na mpokeaji. Ilipigwa ili mama fulani amwone mwanawe aliyepata kazi ya ukarani, ili posa ipelekwe, ili mume aliye safarini asisahau. Chapa kubwa ina hadhira pekee, na hadhira haimjui mtu. Ndiyo maana naunga mkono wale wanaokusanya chapa ndogo, zilizochakaa, zilizoibuka kutoka majumbani na katika vibanda vya mafundi wa fremu mjini Bamako. Wao angalau wameshika kitu kilichokuwa mkononi mwa mwenyewe.

Lakini hebu tuwatazame wanavyokishika. Mkusanyaji makini akiletewa chapa huigeuza kwanza. Nyuma ya karatasi ndiko kwenye ushahidi: mhuri, maandishi ya penseli, alama ya kiwanda, madoa ya gundi. Kisha huiweka chini ya taa ya miali ya urujuanimno. Karatasi nyingi za picha zilianza kutiwa kemikali za kuongeza weupe katika miaka ya hamsini, na kemikali hizo hung'aa chini ya taa hiyo. Mwishoni mwa miaka ya tisini soko la picha lilitikiswa na chapa zilizouzwa kwa bei kubwa kuwa za Lewis Hine, mpigapicha mashuhuri wa watoto wafanyakazi wa Marekani. Karatasi zilipopimwa, baadhi zilikutwa na kemikali hizo. Hine alikuwa amefariki mwaka 1940. Tangu hapo wakusanyaji hawachezi: wanapima unene wa karatasi, wanachunguza nyuzi zake kwa darubini, wanalinganisha mihuri. Ninauheshimu ujuzi huo. Hata hivyo siachi kustaajabu kwamba watu walio tayari kuuhoji unyuzi mmoja wa karatasi hawakuwa tayari kumhoji jirani aliye hai katika mtaa ilikotoka picha. Wanajua karatasi ilitengenezwa muongo gani. Hawajui huyu ni mke wa nani.

Nitarejea sasa kwenye uwanja wetu, kwani mfano wake tunao. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyetunga mapema katika karne ya kumi na tisa, yangeweza kutufikia yakiwa kama picha za Bamako: mazuri, yameng'arishwa, hayana mwenyewe. Hayakuwa hivyo kwa sababu kasisi W. E. Taylor, alipoyakusanya, alikuwa na Mwalimu Sikujua, mtu wa Mombasa aliyeyajua na kuyaeleza: huyu anayesemwa ni nani, fumbo hili lilimlenga nani, kisa kilikuwa kipi. Diwani ilipochapishwa na William Hichens mwaka 1940 na M. H. Abdulaziz alipoandika utafiti wake uliotoka 1979, palikuwa na msingi wa kusimamia. Ondoa maelezo ya namna hiyo, utabaki na mizani na vina. Mashairi mangapi ya pwani yamehifadhiwa katika maktaba za London na Ujerumani yakiwa yameandikwa "mtunzi hajulikani", si kwa kuwa hakujulikana, bali kwa kuwa aliyeuchukua mswada hakuuliza siku ile?

Tena sisi wa pwani tulikuwa na studio zetu. Wakati Keïta anapiga picha Bamako, Ranchhod Oza alikuwa Unguja na studio yake ya Capital Art, iliyofunguliwa mwaka 1930. Mombasa ilikuwa na N. V. Parekh, Lamu ilikuja kuwa na Omar Said Bakor, aliyejifunza mwenyewe na kuunganisha picha mbili tatu katika karatasi moja kwa ustadi wa ajabu. Picha za mabwana hawa zimejaa katika makabati ya Mji wa Kale, na wanunuzi wameshaanza kubisha hodi. Najua kwa sababu walibisha kwetu.

Nilikuwa darasa la saba. Mtu mmoja mpole, mwenye mkoba wa ngozi, alikuwa akizunguka mtaani akiuliza vitu vya kale: sahani, vitasa vya milango, masanduku ya njumu, na picha. Nyanya alimkaribisha kahawa kama amkaribishavyo kila mtu. Akamtolea albamu, ile ya kurasa nyeusi ambayo picha zilishikwa kwa vipembe vya karatasi. Yule bwana alizibandua mojamoja kwa ncha ya kisu, kwa uangalifu ambao hata mimi niliuona, akazigeuza kutazama mhuri wa studio, akazipanga mafungu mawili. "Huyu," nyanya alianza, "ni dada yangu Mwana—" na kabla hajamaliza bwana alikwisha kufikia picha ya pili. Alinunua kumi na moja. Fedha alizolipa zilitosha bili ya stima na mchele wa wiki mbili, na nyanya alifurahi, sikusikia akilalamika. Picha hizo leo, ikiwa zipo mahali, nina hakika ni "Msichana wa Kiswahili, miaka ya sitini". Simlaumu kwa kununua. Namlaumu kwa kutosubiri sentensi iishe.

Wapo watakaonipinga, na hoja zao zina uzito. Watasema kwanza kwamba pasipo fedha za watu kama Pigozzi negativu za Keïta zingeliwa na mchwa na unyevu, na jina la Keïta lingekufa pamoja nazo. Ni kweli tupu. Mwaka 2019 Pigozzi alilipa jumba la makumbusho la sanaa za kisasa la New York kazi 45 za wasanii wa Kiafrika kama zawadi, na humo kuna Keïta. Zitatunzwa kwa hali ya hewa iliyopimwa, na watu kwa maelfu wataziona. Nakubali yote hayo, ila naongeza kwamba mjukuu wa yule mwanamke aliyejilaza juu ya shuka la miraba anahitaji viza ili amwone bibi yake, na akifika atamkuta hana jina.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na lilinisumbua hata nikakaribia kuiacha makala hii. Je, aliyemo katika picha anataka jina lake lijulikane? Mabibi wengi wa Lamu na Mombasa walipigwa picha wakiwa kichwa wazi, wamevaa dhahabu na kusukwa nywele, kwa ajili ya macho ya mume au ya wanawake wenzao. Zipo familia ambazo picha za namna hiyo hufungiwa kabatini, na mwenyewe anapofariki huzichana ili asiyemhusu asimwone. Kumtundika mwanamke huyo ukutani ni kumvunjia utawa wake. Kuandika jina lake chini ni kumvunjia mara mbili. Anayeiona picha isiyo na jina anaweza kudai kwamba amestiriwa.

Nimelifikiria sana jambo hili, na jibu langu ni kwamba kuandika jina ni jambo moja na kulitangaza ni jingine. Mkusanyaji asiyejua jina hawezi hata kuomba ruhusa. Hajui amwendee nani. Kutojua kwake hakumstiri yule mwanamke. Uso wake uko pale pale, umekuzwa hadi mita moja. Kinachostiriwa ni mnunuzi, asije akabishiwa mlango na watoto wa mwenye picha. Jina likishaandikwa katika daftari, familia inaweza kusema: hii ionyesheni, hii iacheni, ile turudishieni. Baadhi ya picha, zikiulizwa, hazitauzwa kamwe. Nadhani hilo ndilo linaloogopwa, nami sioni ubaya wake.

Isitoshe, kuna njia ya kukusanya pasipo kuchukua. Kuanzia mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan walishirikiana na nyumba ya upigaji picha ya Bamako kusafisha, kuorodhesha na kunakili kwa kompyuta makumi ya maelfu ya negativu za wapigapicha kadhaa wa Mali, akiwemo Malick Sidibé. Nakala zilisambazwa kwa ajili ya utafiti; negativu zenyewe zilibaki Mali. Huo ni mradi mkubwa wenye fedha. Sisi wa chama hiki hatuna fedha, lakini tuna kitu ambacho wachuuzi wa sanaa hawana. Kila mmoja wetu amefanya kozi ya ukusanyaji wa fasihi simulizi. Tumefunzwa kumkabili mzee kwa adabu, kumwacha azungumze hadi amalize, kunakili nasaba, na kuuliza swali la pili. Kila likizo idara hututuma mashinani turudi na methali na nyimbo za jando ambazo, tuseme kweli, zimeshakusanywa mara ishirini na zimo katika tasnifu za waliotutangulia. Napendekeza kwamba likizo ijayo anayetoka Lamu, Malindi au Mombasa, au hata Kisumu na Nyeri, kwani studio hazikuwa pwani pekee, arudi na albamu moja iliyozungumziwa. Albamu yenyewe ibaki kabatini mwa mwenyewe. Apige nakala kwa simu, anase sauti, aandike nani ni nani.

Kuna mambo madogo ya kujua kabla ya kwenda. Picha ishikwe kingoni, kwani jasho la vidole huiacha alama isiyotoka. Albamu za miaka ya sabini na themanini, zile za kurasa zenye gundi na kifuniko cha plastiki, huzila picha polepole. Picha itolewe ikiwa inatoka kwa hiari, ikigoma iachwe na ipigwe nakala papo hapo. Ile hali ya umanjano katika picha nyingi za zamani mara nyingi hutokana na chapa kutooshwa vya kutosha baada ya kutiwa dawa. Haiponyeki kwa kitambaa, na mwenye kusugua atasugua uso wa mtu. Jina liandikwe nyuma, ukingoni, kwa penseli laini na bila kukandamiza. Kalamu ya wino hupenya.

Katika albamu ya nyanya zilisalia picha tisa, ambazo yule bwana hakuzitaka kwa kuwa hazina mhuri. Aprili iliyopita tulikaa nazo barazani kuanzia alasiri hadi magharibi. Picha ya nne ni ya wasichana watatu waliosimama mbele ya pazia lenye mchoro wa jahazi, wawili wameshikana mikono, wa tatu amejitenga kidogo na kutazama kando, kama aliyeitwa na mtu nje ya studio. Wa kwanza ni nyanya mwenyewe. Wa pili ni dada yake, ambaye safari hii nilimsikia hadi mwisho wa sentensi. Wa tatu alimtazama kwa muda mrefu, akasogeza picha karibu na macho, akaisogeza mbali. Alikumbuka kwamba baba yake alikuwa na duka la nazi, kwamba alihamia Tanga baada ya kuolewa, na kwamba alikuwa na kicheko kikubwa kilichowafanya wafukuzwe chuoni kwa mwalimu. Jina halikuja. "Litanijia usiku," alisema. Nimeandika majina mawili, na duka, na Tanga, na kicheko. Mbele ya hayo nimeacha nafasi.